Bibi wa Kwenye Friji

Mpishi wa bweni walimwita Upawa, na ukimwona mara moja tu hutauliza kwa nini. Mwili mwembamba, mrefu, umeinama kidogo kule juu, halafu kichwa cha duara utadhani kilipachikwa baadaye na fundi mwingine. Wanafunzi walianza kumwita hivyo kwa kujificha. Alipowasikia alitoka nje ya jiko akiwa na upawa mkononi, akausimamisha kando yake, akatulia kimya ili waone vizuri kufanana kwenyewe. Toka siku hiyo jina likawa halali. Hata mwalimu mkuu alilitumia kwenye vikao, kisha akajifanya kutafuta miwani yake.

Mtu huyo wa masihara alikuwa na kitu kimoja asichokifanyia masihara, nacho ni kifua cha mwanawe.

Mwana alikuwa wa pekee, yuko darasa la saba. Alilala bwenini na wenzake kwa sababu chumba cha wazazi wake kilikuwa nyuma ya jiko, na daktari alishasema moshi kwake ni sumu. Alipokuwa mdogo surua ilimwangusha, ikateremka kifuani, na ilipoondoka iliacha mapafu yana makovu. Tangu hapo kila akivuta pumzi kifua kinapiga mluzi. Taa zikizimwa bwenini, wenzake wakianza kusinzia, kifua ndiyo kwanza kinatafuta stesheni. Wakamwita Redio. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Akiulizwa kaamkaje, anajibu kwamba leo matangazo ni hafifu kutokana na hali ya hewa.

Kila msimu wa baridi alilazwa hospitali. Mara ya mwisho daktari alimvuta Upawa pembeni, akamwambia bila kuzunguka kwamba mapafu ya kijana hayana tena cha kupoteza. Homa ya mapafu nyingine kama ile, daktari alisema, halafu sentensi akaiacha hapo hapo. Upawa aliimalizia mwenyewe njiani wakati wa kurudi, na kila baridi ilipokaribia aliimalizia tena.

Ndipo akaja mtafiti.

Alikuwa mama wa makamo kutoka chuo, amebeba sanduku la barafu kama muuza aiskrimu, na watoto walivunjika moyo walipogundua kwamba siye. Aliwakusanya ukumbini pamoja na wafanyakazi, akaeleza kwamba si kila kijidudu ni adui. Wapo bakteria wanaoishi tumboni wakatusaidia, na wengine wao wanapatikana kwenye mtindi uliotengenezwa vizuri. Watu wa utafiti wamekuwa wakijiuliza kama watoto wanaokunywa bakteria hao kila siku hupata mafua na vikohozi vichache kuliko wenzao. Utafiti mwingine unasema ndiyo, kidogo. Mwingine unasema hakuna tofauti. Basi alitaka bweni hili linywe kikombe kimoja kimoja msimu mzima wa baridi, aone.

"Lakini naomba mnielewe," alisema. "Hii si dawa. Mtu akishaumwa, mpelekeni kwa daktari."

Upawa alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Yale ya mwanzo aliyasikia yote. Ya mwisho yalimpita kama gari lisilo la njia yake.

Mtafiti aliingia naye jikoni akamfundisha kazi. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie, mimina mbegu iliyo kwenye chupa ya kioo, funika, yaache yagande. Kesho yake, kabla hujamgawia mtu yeyote, jaza chupa kwanza, irudishe kwenye friji, hiyo ndiyo mbegu ya sufuria ijayo. Upawa aliikagua ile chupa, akaangalia na sufuria ya watoto wa bweni zima, pana kiasi cha mtu kuogea. Akauliza kama kweli kitu kidogo hivi kinaweza kugandisha kitu kikubwa vile. Mtafiti akacheka, akasema hata vijiko vichache vingetosha, ana nguvu huyu.

Neno hilo, ana nguvu, Upawa alilibeba kama mtu aliyeokota pete barabarani.

Watoto wakapiga hesabu zao. Kama mtindi wa leo ni mtoto wa mtindi wa jana, na wa jana ni mtoto wa juzi, basi iliyo kwenye friji ni bibi yao. Kuanzia hapo hakuna aliyepita dirisha la jikoni bila kusalimia. "Shikamoo Bibi," wanasema, wamenyoosha vikombe. Na Upawa, kichwa chake cha duara kimejificha nyuma ya mlango wa friji, anaitikia kwa sauti ya kikongwe asiye na meno: "Marahaba wajukuu zangu. Kohoeni mbali na sahani." Wadogo wa darasa la kwanza waliamini kabisa kwamba mle ndani kuna mtu. Mmoja alimwekea mkate.

Utani huo wote lakini, sheria za chupa alizishika kama mtu aliyekula kiapo. Hakuna kuonja kwa kijiko kilichotoka mdomoni. Hakuna kugusa kabla ya kunawa. Mkewe, ambaye alikuwa dobi wa shule na mwenye kawaida ya kuingia jikoni kudokoa, alifukuzwa kwenye friji kama paka. Alilalamika kwa wenzake kwamba ameolewewa mke mwenza, tena mzee, tena wa maji maji.

Baridi ikaingia. Madirisha ya bweni yakalowa ukungu, watoto wakaanza kuoga kwa uongo, wanalowesha nywele tu. Lakini kikohozi hakikuja kama miaka mingine. Chumba cha wagonjwa kilikaa vitanda vimetandikwa, na muuguzi wa shule, msichana mdogo ambaye wanafunzi walimwita Sista, alipata muda wa kufuma sweta. Upawa alimpitia kila siku kumuuliza wagonjwa wangapi, akisikia hakuna anarudi jikoni anatembea kwa madaha. Sista alimwonya asishangilie mapema. Mwaka huu, alisema, shule imeweka sabuni kwenye mabomba na madirisha yanafunguliwa mchana. Pengine ni hayo, pengine ni mtindi, pengine baridi yenyewe bado haijakomaa. Upawa alimjibu kwamba binti mzuri kama yeye asimkosee heshima Bibi.

Na Redio? Redio alicheza mpira. Walimweka golini kwa kuwa kipa hakimbii, na alifungwa magoli ya aibu, lakini alicheza. Baba yake alisimama dirishani, maharage yanaungua nyuma yake, anamtazama mtoto akipiga kelele bila kushika kifua. Jioni hiyo alimjazia vikombe viwili badala ya kimoja. Mpishi ana akili yake ya kazi: chumvi ikipungua unaongeza.

Siku iliyoharibika ilianza kwa jambo dogo. Mleta maziwa alikuwa hajatokea tangu jana, pikipiki yake imeharibika njiani. Sufuria ya jana ilikuwa imekwisha na kuoshwa, kwa hiyo watoto walipewa chai ya rangi wakanung'unika. Kilichobaki ni chupa peke yake kwenye friji, imejaa mpaka shingoni, inasubiri maziwa ya kesho.

Redio alikuja dirishani akiwa wa mwisho. Hakumsalimia Bibi. Alichukua chai, akashindwa kuimaliza, akakaa kwenye ngazi ya jikoni ameshika magoti. Mama yake alipita na furushi la mashuka, akamtazama mara moja, akaliangusha furushi pale pale kwenye vumbi.

Sista alimpima. Homa ilikuwa juu, na mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Hakubabaika. Alisema huyu ni wa hospitali, na ni sasa. Kumbe gari la shule lilikuwa limempeleka mwalimu mkuu mkutanoni na lingerudi mchana. Sista akasema basi wasilisubiri, yeye anakwenda barabara kuu kutafuta gari lolote, na akitoka wamweke kijana akae wima na asilazimishwe kula. Akaondoka mbio, sweta la kufuma linaburuta uzi nyuma yake.

Wakabaki watatu kwenye kile chumba nyuma ya jiko, maana ndicho kilichokuwa karibu.

"Baba Redio, tuanze kutembea," mkewe alisema. "Nitambeba mgongoni kama zamani."

"Mwanamume huyu utambeba na nini? Utahitaji kanga ya tembo."

"Mimi sicheki."

Naye hakuwa anacheka. Utani ulimtoka wenyewe tu, kama jasho. Alimwambia mkewe akafungashe nguo, gari likipatikana wasikawie. Mkewe alipotoka, Upawa aliingia jikoni akafungua friji.

Usimwone mjinga. Alisimama pale muda mrefu na mlango umefunguliwa, ubaridi unammwagikia miguuni, na akafikiri kadiri alivyofundishwa na maisha ya jikoni. Kikombe kimoja, kilichochanganywa na maziwa ya bweni zima, kimewanyamazisha watoto wote hao. Kikombe hicho hicho kilimtoa mwanawe kitandani kikamweka golini, na viwili vikambakiza huko. Mchuzi ukiwa mwepesi hufanyi kazi ya kuukoroga tu, unatafuta kilicho kizito unatia. Na kizito kuliko vyote, mama wa vyote, kilikuwa hapa mbele yake. Alijua pia kwamba akikitoa, kesho hakuna mbegu, na watoto wa watu watalala bila kinga hiyo baridi yote. Hilo nalo alilipima. Akaichukua chupa.

Aliimimina kwenye bakuli, akalikumbatia bakuli kifuani mpaka ubaridi ukapungua, akaenda akaketi kitandani nyuma ya mwanawe ili amwegemee. Akaanza kumlisha kijiko kwa kijiko.

Redio alionja, akaijua.

"Baba, unanilisha Bibi."

"Bibi hajakataa."

"Na kesho wenzangu?"

"Wenzako wana mapafu. Fungua mdomo."

Kijana akafungua. Alikuwa mtoto mtiifu, na pia alikuwa hana nguvu ya kubishana. Kila baada ya vijiko vichache alitikisa kichwa kuomba apumzike, na baba yake akasubiri, akaanza tena, kwa upole uleule wa kumlisha alipokuwa hana meno. Mpaka bakuli likaisha. Akalikwangua.

Halafu, na hapa ndipo ningependa hadithi isimame, kifua kikaanza kutulia. Ule mluzi ukapungua, ukawa mwembamba, ukawa kama wa mtu anayeondoka kwenda mbali huku anapiga mluzi njiani, na mwishoni Upawa aliweka sikio kwenye shati la mwanawe asisikie kitu. Miaka yote hiyo hakuwahi kukisikia kifua hicho kikinyamaza. Macho ya kijana yalikuwa yamelegea, kichwa kimemwangukia begani, na Upawa akasema moyoni kwamba usingizi ndio huo, mwili unapumzika. Alimlaza juu ya mito miwili. Alitoka nje akamkuta mkewe na furushi la nguo, akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele za watu.

"Mama Redio, kimenyamaza."

Mkewe hakuelewa. Akamwelewesha. Naye, Mungu amsamehe, aliamini pia, kwa sababu alikuwa amechoka kuogopa. Walikaa kwenye ngazi, wakaongea jinsi watakavyomshonea sweta zito. Upawa aliinuka mara moja kwenda kupunguza moto chini ya maharage.

Sista alirudi na teksi iliyokuwa na kioo kimoja tu kizima. Upawa alimpokea kwa tabasamu, akamwambia ashuke anywe maji kwanza, mgonjwa kalala, kifua kimefunguka. Sista alimpita, akaingia ndani. Walimsikia mle ndani akimwita kijana kwa jina lake la darasani, mara ya kwanza, mara ya pili, sauti inapanda. Alipotoka alikuwa amembeba mwenyewe, miguu mirefu ya Redio inaning'inia.

"Kimenyamaza tangu lini?"

"Si ndiyo kupona huko?" Upawa aliuliza.

"Baba, kinapiga mluzi kwa sababu hewa inapita."

Akampakia kijana kwenye teksi.

Ndani ya teksi Redio alitapika, meupe matupu, akapaliwa, na mama yake akayafuta kwa nguo safi zilizokuwa kwenye furushi, moja baada ya nyingine. Hospitalini walimwekea oksijeni, wakamwingiza ndani, wakafunga pazia. Baadaye daktari, yule yule wa sentensi isiyoisha, alitoka kuuliza kijana alikula nini.

"Mtindi," alisema Upawa.

"Kiasi gani?"

"Chupa."

Daktari alimtazama, akaitazama mikono yake iliyokuwa bado na utando mweupe kwenye kucha. Hakumfokea. Upawa alitamani afokewe. Jua lilikuwa bado halijazama daktari alipotoka mara ya pili, na safari hii sentensi aliimaliza.

Mama Redio aliuliza swali moja tu, kama wangemleta asubuhi ile ile, kwa miguu, mgongoni. Daktari alisema mapafu yale yalikuwa mabaya sana, pengine ingekuwa hivi hivi. Pengine isingekuwa. "Sijui, mama," alisema, na ilionekana kweli hajui. Upawa angeweza kuishi na hapana, na angeweza kufa na ndiyo. Lakini "sijui" haimwachi mtu akae wala asimame.

Walizika, na watu walikuja, na watu waliondoka.

Upawa alirudi jikoni kwa sababu watoto wanakula hata iweje. Shule nzima iliambiwa kwamba chupa ilivunjika siku ya msiba, kwa pilikapilika, na yeye ndiye aliyesema hivyo. Sista alijua, akanyamaza. Mkewe alijua, na yeye hakumlaumu hata siku moja. Alifua, akaanika, akakunja, wakalala kitanda kimoja. Kilichobadilika ni kitu ambacho mtu mwingine asingekiona. Tangu mtoto apachikwe jina lile bwenini alikuwa akimwita Baba Redio, akigombana naye, akimbembeleza, akimtuma kuni, Baba Redio. Sasa alimwita Mpishi.

"Mpishi, umeona ndoo yangu?"

"Ipo pale."

Baridi ilikomaa kweli kweli. Bweni likaanza kukohoa, kwanza kitanda kimoja karibu na mlango, halafu cha jirani, kikohozi kinapokezana kama wanapeana zamu. Vitanda vya Sista vikajaa. Hakuna aliyefariki, walikuwa watoto wenye mapafu. Sista alirudia maneno yake yale yale, kwamba pengine ni kukosa mtindi na pengine ni baridi tu. Upawa aliyasikiliza yote safari hii mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake.

Mtafiti alikuja alipopata habari. Alitoa pole kwa uchungu, maana alimkumbuka Redio. Kijana aliwahi kumuuliza kama bakteria nao huwa wanapata mafua. Halafu akafungua sanduku lake la barafu akatoa chupa nyingine. Ya kioo, ile ile, imejaa mpaka shingoni.

Upawa aliipokea kwa mikono miwili. Akauliza ameitoa wapi.

"Chuoni. Ninazo rafu nzima," alisema mtafiti. "Ungenipigia simu tu siku ile ilipovunjika, ningekuletea."

Upawa aliigeuza geuza. Akauliza, kana kwamba ni jambo la kupitishia muda, mtu akimpa mgonjwa chupa yote kwa mkupuo itakuwaje. Mtafiti alidhani ni udadisi wa kazi. Akasema haitakuwa chochote, labda kuumwa tumbo. Haiongezi nguvu kwa kuongeza, na kwa aliyekwisha kuugua haifanyi kitu. Si alisema siku ile ukumbini?

"Ulisema," alikubali Upawa.

Kesho yake asubuhi alichemsha maziwa kwa ajili ya sufuria ya kwanza. Chupa ilikuwa mahali pake kwenye friji, na habari zilikuwa zimeshafika bwenini kabla ya kengele, kwa hiyo watoto walikuja dirishani mapema, wakisukumana na vikohozi vyao. Walikuwa wameishi kwa adabu ya msiba muda mrefu kuliko watoto wanavyoweza. Yule mdogo wa darasa la kwanza, aliyewahi kuweka mkate, alipanda kwenye tofali ili afikie, akachungulia, akaiona.

"Bibi kafufuka," aliwatangazia wenzake nyuma. Kisha akageuka mbele, akanyoosha kikombe kitupu. "Shikamoo Bibi."

Wote wakangoja ile sauti ya kikongwe.

Upawa alikuwa ameushika mlango wa friji. Alifungua mdomo. Mkewe, aliyekuwa anapita nje na mashuka ya wagonjwa, naye alisimama.

"Marahaba," alisema Upawa, kwa sauti yake mwenyewe, na haikuendelea.

Mtoto alisubiri, akaona hakuna kingine, akashuka kwenye tofali. Wengine walimtazama mpishi, wakatazamana, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Dirishani akabaki mkewe peke yake, uso juu ya furushi.

"Mpishi," alisema, "maziwa yanaungua."